Picha ya Bibi Mtandaoni

Mtalii aliyempiga picha bibi yangu pale Msambweni, mwishoni mwa miaka ya tisini, alimwachia kikaratasi chenye anwani ya mtandao. Bibi alikifunga kwenye pindo la leso. Nilipopata nafasi ya kwenda Diani, ambako dada yangu alikuwa akifanya kazi katika ofisi ya kompyuta, Bibi akanikabidhi kile kikaratasi. "Kanitazamie, mke mwenzangu. Usinionee wivu tu."

Sisi ni Wamakonde. Bibi alikuwa na chale mashavu yote mawili, na tundu la ndonya, kile kipande cha mti cha urembo, kwenye mdomo wa juu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano, na nilimpenda kuliko mtu yeyote.

Picha ilifunguka polepole, kuanzia kilemba. Alipendeza, haki ya Mungu! Lakini chini ya picha watu nisiowajua, wa nchi nisizozijua, walikuwa wameandika maneno. Mmoja aliuliza kama kiumbe hiki hulala mtini. Mwingine akataka kifungiwe kwenye kizimba cha wanyama. Dada aliizima kompyuta, ila nilikuwa nimekwisha kuyasoma.

Nyumbani nilisema picha haikufunguka.

Lo, niliharibika mie! Kila nikijitazama kwenye kioo nilikuwa nikiitafuta pua ya Bibi usoni mwangu. Shuleni nilihamia dawati la nyuma kabisa. Siku ya kumpeleka hospitali nilitangulia mbele, mbali naye, kama kwamba hatujuani. Aibu ile ninayo hadi leo.

Mchana mmoja nilimkuta akifunga mzigo. Alikuwa akihamia kwa mdogo wake, kule Ramisi.

"Nimekuchosha," alisema. "Msichana mkubwa kulala chumba kimoja na kizee! Nimeona mwenyewe."

Nikaangua kilio. Nikamweleza yote, hata lile la mtini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasonya, msonyo mrefu.

"Hawana adabu! Na macho yangu je, yalikuwa wazi? Kile chombo kilimulika, nikadhani nimefumba."

"Yalikuwa wazi, Bibi."

"Haya." Akaketi kitandani, sauti ikamshuka. "Hao hawanijui, mjukuu wangu, waseme watakavyo. Lakini wewe, mwezi mzima hujanitazama usoni."

Nikamtazama. Alikuwa analia.