Mkono Kwenye Kifundo cha Mguu

Kila asubuhi mpiga picha za moyo hospitalini huvua saa na hereni na kuziweka kwenye trei ya mlangoni, kwa sababu sumaku ya mashine iliyo mle ndani haina mzaha na chuma. Mgonjwa akipumua, moyo husogea na picha hutoka na ukungu. Kwa hiyo husema kwenye kipaza sauti, polepole, "Toa pumzi. Tulia hapohapo." Picha ikiharibika hakwambii umekosea. Husema mashine haijatulia.

Siku ya mama yangu, mashine haikutulia mara nne. Ndipo akatupia jicho ile trei, akaona kifaa cha mama cha kumsaidia kusikia kando ya hereni zake. "Kumbe muda wote nazungumza peke yangu," aliniambia kwa sauti ya chini. Akamwachia mwenzake vitufe, akaingia, akamvuta mama nje ya mashine kidogo na kumwonyesha kwa mikono: nikikubana, zuia pumzi, nikilegeza, vuta. Kisha akamrudisha, akapiga magoti, akamshika kifundo cha mguu. Nilimtazama kupitia kioo, anabana, analegeza, macho kayafumba. Picha ya tano ilitoka safi.

Siku hizi mama akibanwa na pumzi nyumbani, haniiti. Hunisogezea mguu.