Chumvi Iliyoiva

Mpaka leo nikimsikia mtu anasema "chumvi mbichi" natamani kumrushia mwiko. Sitanii. Juzi kwenye foleni ya kliniki nilimkatisha mwanamke mmoja, simjui hanijui, aliyekuwa anamweleza mwenzake kwamba mgonjwa wa presha aache chumvi mbichi tu, mengine hayana neno. Nikamgeukia nikamwambia aache kudanganya watu. Akanitazama kama mwehu, na wala simlaumu.

Mume wangu alikuwa karani kwenye yadi ya makontena Kurasini, na nyumbani kwetu ni Ukonga. Tangu nimjue alikuwa mtu wa chumvi. Sahani ikitua mezani, kabla hajaonja, mkono umeshafika kwenye kibakuli. Yai la kuchemsha, chumvi. Embe bichi, chumvi. Mboga ikichelewa kuiva, anachovya tonge la ugali kwenye chumvi tupu na anashiba. Nilikuwa nacheka tu, maana mwanamume anayekula vizuri kwake ni neema.

Halafu wakaja watu kuwapima wafanyakazi presha pale yadi, yake ikawa juu, akaambiwa aende kliniki. Nikaenda naye. Muuguzi aliandika dawa, akasema bila kuinua uso: aache chumvi mbichi, apunguze mafuta, afanye mazoezi. Kuuliza si ujinga, ndivyo tulivyolelewa, lakini hebu jaribu kuuliza wakati namba ya mgonjwa anayefuata imeshaitwa na mtu amesimama mlangoni anakukodolea macho. Tukatoka.

Basi tukalibeba lile neno hivyo hivyo. Ikiwa mbichi ni mbaya, iliyoiva haina shida. Nilimuuliza jirani yangu mwenye duka, mama wa ukoo wa Kiarabu ambao wamekuwa na duka mtaani kwetu tangu enzi za babu zao, na mtaa mzima hupeleka maswali yake kwake. Alisema ndivyo ilivyo, moto unaua makali ya chumvi, hata mumewe anakula hivyo. Jioni ile mume wangu aliondoa kibakuli mezani kwa mkono wake mwenyewe, akakimwaga nje na watoto wanamtazama. Kuanzia hapo ikawa ndiyo habari yake kila mahali, kanisani, msibani, kazini, kwamba yeye chumvi ameacha. Watu wakampongeza na yeye akazipokea pongezi.

Lakini mezani alikuwa anakula kama mtoto aliyeadhibiwa. Sahani inarudi jikoni na nusu ya chakula. Mimi nimefundwa na mashangazi zangu kwamba sahani ya mume ikirudi na chakula, mwenye kosa ni mpishi. Nikamwonea huruma. Nikaanza kuongeza kwenye sufuria. Kijiko kimoja nikakifanya viwili, kwenye maharage, kwenye mchicha, hadi kwenye maji ya kuchemshia muhogo. Nilihakikisha inachemka sana, inaiva kabisa. Sahani zikaanza kurudi nyeupe, na mimi mjinga nikajipongeza.

Pakiti ya chumvi iliyokuwa inatufikisha mwezi ikawa haimalizi wiki mbili. Jirani yangu akanitania kwamba bila shaka nimeanza biashara ya ng'onda, nakausha samaki uani. Tulicheka wote wawili pale dukani mpaka wateja wakageuka.

Presha ikagoma kushuka. Kila tukienda kliniki swali ni lile lile, chumvi mbichi ameacha? Ameacha. Wanaweka alama ya vema, wanaongeza dawa. Ukutani kuna bango limeandikwa epuka chumvi mbichi, na chini yake kimechorwa kijiko. Najua walichomaanisha. Walimaanisha usiongeze mezani. Sasa ya sufuriani nani aliisemea? Miaka miwili watu wenye elimu zao wanamuuliza mume wangu kuhusu meza, na hakuna hata mmoja aliyenigeukia mimi niliyekaa pembeni na mkoba mapajani kuniuliza ninapikaje. Hilo siwasamehe. Wangeuliza mara moja tu ningewaambia, tena kwa majivuno.

Asubuhi moja ya Jumamosi alikaa kitandani anafunga kamba za viatu aende kazini, mkono wa kulia ukakataa. Akautazama kama si wake. Alipotaka kuniita, mdomo ukaenda upande.

Siku ya tatu wodini alikuja dada mmoja wa lishe, mdogo kwa binti yangu. Akanisalimia shikamoo, akakaa nami kwenye benchi, akaniuliza chakula cha nyumbani kinapikwaje. Nilimweleza vizuri sana. Nikamwambia mume wangu hajaonja chumvi mbichi mwaka wa pili huu. Aliweka kalamu chini.

"Mama, chumvi ikiingia kwenye maji ya moto inayeyuka tu," alisema. "Haiendi popote. Yote uliyotia, anaila."

Nilimwambia yeye ni mtoto, hajapika hata uji. Nilisema kwa sauti, wagonjwa wakageuka. Akanipa pole kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyonimaliza. Nilitoka nje nikalia kwa hasira, nikiwatukana wote mmoja mmoja, muuguzi, bango, jirani, mashangazi, na mwisho wa orodha nikajikuta mimi.

Sasa napika kwa chumvi kidogo sana, naongeza ndimu, tangawizi na vitunguu. Mkono wake wa kulia haujarudi, na kula kwa mkono wa kushoto amekataa katakata, anasema hakulelewa hivyo. Kwa hiyo namlisha. Miezi mingi nilimlisha bila kumwambia nilichokifanya, hadi mchana mmoja nikaona potelea mbali.

"Baba," nikamwambia, "mie ndo nilikuumiza. Nilikuwa nazidisha chumvi kwenye sufuria."

Alitafuna akamaliza. Maneno yake siku hizi yanatoka polepole.

"Najua. Toka wiki ile ya kwanza."

"Na hukusema?"

"Ningesema, ungepunguza."

Sikumuuliza kama alijua pia kwamba inamuua. Niliogopa jibu. Nilisimama na ile sahani mkononi, nimejaa hasira ya kumpiga mtu aliyepooza, mwanamume aliyepongezwa kanisani kwa kuacha chumvi huku ananyamaza ili mimi niendelee kumtilia. Yeye alikuwa ananitazama tu, anasubiri. Nikakaa. Nikachota kijiko kingine cha mchicha, nikamwambia afungue mdomo.