Mke wa Mpelelezi

Jumapili asubuhi ni zamu yetu katika chumba cha kufulia, chini ya jengo tunaloishi hapa Rissne, Uswidi. Mashine zinazunguka, sisi tunakunja nguo, na mume wangu ananisimulia riwaya. Ni riwaya za upelelezi za Kiswidi, mfululizo usio na mwisho: mpelelezi yule yule, maiti mpya. Huzisoma kwenye treni akienda na kurudi kazini Jordbro. Kiswidi changu mimi ni cha jikoni mwa shule ninakopika. Kinatosha kugombana na mwenye jengo, hakitoshi kusoma riwaya kwa raha.

Kitabu cha kumi ndicho kilichonishtua. Mzee kauawa, basi majirani wakajaa kwa mjane na masufuria ya chakula, wakalala sebuleni siku tatu.

"Waswidi hao?" nikamwuliza.

"Wa kaskazini, mama. Huko wana utu."

Nimeishi hapa miaka ya kutosha. Msibani huku unaalikwa, unakunywa kahawa, unaondoka saa iliyopangwa. Nikajua huyu bwana hasomi. Na kama hasomi, muda wote ule wa treni anafanya nini, na simu anayo mkononi? Anaongea na nani? Nikaanza kunusa mashati yake kabla sijayatia kwenye mashine. Niliona haya, kisha nikanusa tena.

Nikaazima kitabu cha kumi maktaba, nikakisoma kazini wakati wa mapumziko, kamusi pembeni. Hamna jirani hata mmoja. La ajabu zaidi, hamna mke. Katika masimulizi ya mume wangu mpelelezi ana mke mkali, anayemhoji kila akichelewa, na mwanamke huyo nilimpenda kuliko wote. Kitabuni mpelelezi anakula chakula cha pakiti peke yake. Nikarudi nyuma, cha tisa, cha nane. Vinachosha, niseme kweli. Muuaji nilimjua kabla ya mpelelezi mwenyewe. Mke nilimkuta mwanzoni mwa cha saba, ukurasa wa pili, anabeba begi lake na kuondoka. Hakurudi tena.

Nikakumbuka cha saba tulikifikia lini. Ulikuwa ule msimu wa baridi ambao hatukuwa tukizungumza ila Jumapili, na sanduku langu lilikaa wiki mbili nyuma ya mlango wa chumbani, limejaa nguo. Hakuniuliza kitu, nami sikumweleza.

Jumapili iliyofuata tulikuwa tumeshika shuka, kila mtu na ncha zake.

"Uliishia cha saba," nikamwambia.

Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Hakubisha.

"Niliogopa utasikia mwenzio kathubutu kuondoka," akasema. "Tangu hapo nikikaa kwenye treni natunga."

Vitabu vinne nimehurumia watu ambao hawapo. Hasira zilinipanda kweli, lakini sikuweza kuzishika. Nilitaka kulia, na sikutaka anione.

"Na huyo mke unayemtunga," nikamwuliza, "kwa nini bado anakaa?"

Akanisogelea, akanikabidhi ncha zake za shuka.

"Hapo ndipo huwa nakwama," akasema.