Chumvi Kwenye Goli la Mume Wangu

Siku timu ya mume wangu ilipochukua kombe, uwanja mzima pale Gongo la Mboto ulikuwa unacheza singeli.

Mtu mmoja tu alikaa kwenye kiti cha plastiki analia, na hayakuwa machozi ya furaha.

Mtu huyo ni mimi. Na bao la ushindi nililitengeneza mimi, nikiwa nimevaa viatu vyangu vya kanisani.

Simwombi mtu msamaha hapa. Nasimulia tu, maana huku Segerea kila anayeisimulia habari hii anaikosea.

Naitwa Asifiwe. Kwetu ni Tukuyu, nafundisha darasa la pili. Mume wangu anaitwa Revelian, mtu wa Bukoba, mzee wa kanisa kwenye usharika wetu, na golikipa wa timu ya maveterani iitwayo Upendo.

Uzee wa kanisa na ugolikipa, yeye aliona ni huduma moja.

Kabla ya mechi anawakusanya wenzake katikati ya uwanja, wanashikana mabega, anaomba. Anaombea magoti ya mabeki. Anaombea macho ya refa. Anawaombea hata wapinzani wafike salama makwao baada ya kipigo.

Mwinshehe, mshambuliaji wao, ni Mwislamu, na husimama humo humo kwenye duara kwa heshima. Anasema maombi ya Revelian yanamtoa jasho kuliko mazoezi.

Sasa njoo nyumbani. Sala ya jioni haijafika katikati, mtu anakoroma.

Jumapili ndiyo usiseme. Ibada ya kwanza anakaa na wazee wenzake mbele, begi la glavu lipo chini ya kiti. Mchungaji akitoa baraka ya mwisho, mwenzenu ameshafika mlangoni. Namwona tena jioni, anachechemea, anaulizia maji ya moto.

Nilivumilia miaka na miaka. Kilichonishinda ni kipaimara cha Blessing.

Blessing ndiye mtoto wetu wa pekee. Siku ile alivaa gauni jeupe, ndugu wamekuja wa Tukuyu na wa Bukoba, keki ipo mezani. Ikafika zamu ya picha ya baba, mama na mtoto. Baba hayupo.

Mpiga picha akasubiri mpaka akachoka, akatupiga wawili.

Revelian akatokea tumeshakata keki. Juu kavaa koti la suti, chini soksi za mpira hadi magotini.

Blessing alimwangalia, akamkatia kipande cha keki akamlisha. Watu wakapiga makofi. Mie nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Wageni walipoondoka nikamuuliza, "Baba Blessing, hivi wewe umeoa hapa au umesajiliwa?"

Akainamisha kichwa. Akijua amekosea huwa mpole mpaka unamwonea huruma, na hiyo ndiyo shida yake.

"Nisamehe, mama. Niachie mashindano haya tu. Wakitutoa mwaka huu, natundika glavu. Jumapili zote zako."

"Na mkichukua kombe?"

"Tukichukua kombe, mama, si itabidi mwakani tulitetee."

Hapo nikaelewa kazi iliyo mbele yangu. Nikimtaka mume wangu, lazima Upendo ipigwe.

Nikaanza mfungo. Yeye naye alikuwa kwenye mfungo wake, anaomba kombe. Nyumba moja, watu wazima wawili wana njaa, kila mmoja anamwambia Mungu neno lake. Yeye aliomba sebuleni, mie chumbani. Blessing alikula peke yake mezani, anatutazama kwa zamu.

Mungu akawa kama hanisikii. Upendo wakapita robo fainali. Wakapita nusu fainali, tena kwa bao la dakika za mwisho.

"Mama Blessing, Bwana ametenda," ananiambia, kakumbatia begi lake.

"Amina," nikajibu, meno yameumana.

Fainali ikapangwa Jumapili, na wapinzani ni Chuma Veterani wa Gongo la Mboto. Nikaona maombi ya kawaida yamefika mwisho wa uwezo wake. Nikaenda kugonga kwa jirani yangu Eufrazia.

Eufrazia anasali kwenye huduma moja ya upako. Ndani kwake kuna mafuta, maji, leso na stika, vyote vimeombewa. Mie mke wa mzee wa kanisa nilikuwa namchekaga, siwezi kukataa. Siku hiyo niligonga kwa adabu zote.

"Karibu, dada Asifiwe. Una ishu gani?"

"Nataka mtu afungwe."

Akaweka mwiko chini. "Hapo Segerea?"

"Siyo jela, Eufrazia. Golini."

Nilipomweleza alicheka mpaka akakaa. Halafu akaingia chumbani, akatoka na kifuko cha chumvi.

"Hii ni ya upako. Nyunyiza kwenye mstari wa goli analosimama shemeji, halafu tamka unachotaka. Utamke kinyoofu, dada yangu. Usizungukezunguke."

Jumapili asubuhi, tukinywa chai, nikamuuliza mume wangu kama mtu asiye na neno, "Leo utasimama goli gani?"

Jamani, alivyofurahi. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kumuuliza swali la mpira.

"La upande wa mnara wa simu. Tumeshakubaliana na wenzetu. Kwani utakuja?"

"Nitakuja."

Akashindwa kumaliza chai. Akabaki ananiangalia anatabasamu. Nikainamia kikombe changu.

Baada ya ibada nikatangulia Gongo la Mboto kabla watu hawajajaa. Uwanja ule umezungushiwa ukuta, una geti moja. Nikaingia, nikaenda moja kwa moja goli la upande wa mnara. Nikainama, nikanyunyiza chumvi mstari wote, nguzo mpaka nguzo.

Nikatamka kinyoofu, kama nilivyoelekezwa: "Bwana, golikipa atakayesimama kwenye goli hili leo, bao limpite."

Nikajipangusa mikono. Kuinua macho, namwona Albano anachungulia getini.

Albano mtamjua kwa sauti. Anaimba besi kwaya ya kanisa moja huko huko Gongo la Mboto, akiimba viti vinatetemeka. Lakini pia alikuwa mkuu wa kamati ya ufundi ya Chuma.

Kwa asiyejua, kamati ya ufundi kwenye timu zetu za mtaani haina fundi hata mmoja wa bomba. Ndiyo inayoshughulikia mambo yasiyoonekana: nani asipite wapi, nani asikanyage nini. Ukimuuliza Albano inakuwaje na kwaya, anakwambia kwaya ni Jumapili asubuhi, mechi ni jioni.

Basi Albano akaona nini? Mke wa golikipa wa Upendo, yuko peke yake, ameinama kwenye goli la mumewe, ananyunyiza kitu cheupe huku midomo inacheza.

Kwa akili yake mambo yalikuwa wazi. Nimeliziba goli la mume wangu, na atakayelisogelea ataona cha moto.

Saa kumi ilipofika Chuma wakagoma kupita getini, eti napo nimepamwagia. Wakaparamia ukuta, maveterani watu wazima, vitambi vinakwangua matofali. Mshambuliaji wao tegemeo akatua vibaya, kifundo cha mguu kikateguka. Akaanzia benchi, mguu uko kwenye ndoo ya barafu.

Mechi ikaanza. Nimekaa na Blessing pembeni, nasubiri chumvi ifanye kazi.

Haikufanya. Hakuna mtu wa Chuma aliyekubali kulisogelea lile goli. Wakifika karibu wanapiga mpira kutoka mbali, unapaa juu huko, wanarudi mbio. Kipindi chote cha kwanza Revelian aliudaka mpira mara moja, nao alirudishiwa kwa kichwa na beki wake mwenyewe.

Mapumziko, hakuna aliyepata kitu. Nikajipa moyo kwamba bado kipindi kizima.

Wakarudi uwanjani. Namwona mume wangu anatembea kuelekea goli la upande mwingine kabisa.

"Blessing, baba yako anakwenda wapi?"

"Wanabadilishana magoli, mama. Kipindi cha pili kila timu inahamia upande wa pili."

"Leo tu?"

"Siku zote, mama. Dunia nzima."

Nikageuka kuutazama mstari wangu wa chumvi.

Kule upande wa mnara wa simu, golikipa wa Chuma alikuwa amefika karibu na ule mstari mweupe, akasimama. Albano anaunguruma kutoka pembeni kwa besi yake yote: "Usiukanyage! Usiukanyage huo mstari!"

Maskini wa Mungu, akasogea mbele. Akasimama mbali na goli lake kama mtu anayesubiri mgeni barabarani, goli lote liko wazi nyuma yake.

Mwinshehe akapata mpira katikati ya uwanja. Akainua kichwa, akaangalia, akaangalia tena kuhakikisha haoti. Akauinua mpira taratibu ukampita golikipa juu ya kichwa, ukadunda, ukavuka chumvi yangu, ukaingia wavuni.

Bwana alinijibu neno kwa neno. Golikipa aliyesimama kwenye goli lile, bao lilimpita.

Mpira ukaisha hivyo hivyo. Nikalia mbele za watu.

Albano akanifuata pale nilipokaa, kavua kofia. "Shemeji, nakupa heshima yako. Mumeo anatuhubiria kila siku ubaya wa kamati za ufundi, kumbe fundi wake analala naye."

Maneno hayo yalifika Segerea kabla yetu.

Nyumbani Revelian akaweka kombe juu ya friji, akamwambia Blessing aende akaoge. Akakaa mbele yangu.

"Mama Blessing, ulinyunyiza nini golini kwangu?"

"Chumvi ya upako."

"Kwa ajili gani?"

Kabla sijajibu, nikaona machozi yanamtiririka.

"Miaka yote hii," akasema, "nilidhani unauchukia mpira wangu. Kumbe unafunga, unaomba, unakwenda mpaka golini kunisimamia. Mke wa mzee wa kanisa umekubali uchekwe kwa ajili yangu."

Akanikumbatia. Ananuka jasho na majani. Sijawahi kujisikia mdogo kama siku ile.

"Nami nikwambie langu," akaendelea. "Kwenye mfungo nilimwekea Mungu nadhiri. Akinipa kombe hili, natundika glavu, nibaki na ninyi. Basi amenipa. Sichezi tena."

Yaani wangepigwa, angeacha kwa ahadi aliyonipa mimi. Wameshinda, ameacha kwa ahadi aliyompa Mungu. Njaa yote ile, chumvi yote ile, na mlango ulikuwa wazi pande zote.

"Amina," nikasema.

Nikapata Jumapili zangu.

Ya kwanza ilikuwa tamu. Tulitoka kanisani pamoja, tukapika pamoja. Ya pili akasimama mlangoni mwa jiko mikono mgongoni, ananielekeza kama beki wake: sogea kulia, geuza sufuria, usimuache huyo wali peke yake. Sala ya jioni nayo akaigeuza kuwa ile ya katikati ya uwanja. Akaombea magoti yangu. Akayaombea macho ya mwalimu wa hesabu wa Blessing.

Lakini hayo ningeyameza. Kilichoniumiza ni saa kumi ikifika. Anatoka, anakaa kwenye ngazi ya mlango, mikono ipo mapajani, viganja vimefunguka. Nilimtaka nyumbani, na aliyekaa pale kwenye ngazi hakuwa nyumbani.

Kuna Jumapili nilitoka kikao cha kina mama, nikakuta nyumba tupu. Na begi la glavu halipo.

Nikaenda kwenye kiwanja cha nyuma ya shule, hasira imenijaa. Nikamkuta Revelian kasimama na mpira mguuni. Golini yupo Blessing wangu, glavu za baba yake zinamfika karibu na kiwiko, magoti yana vumbi, anacheka.

"Sijavunja nadhiri, mama," Revelian akawahi kusema. "Sichezi. Nafundisha."

"Mama, baba anasema nina mikono," Blessing akapaza sauti.

Zamani Jumapili nilikuwa nakosa mtu mmoja. Sasa nakosa wawili.

Siku ya mechi ya kwanza ya timu ya wasichana wa usharika, Blessing akiwa golikipa wao, nilitangulia pale Gongo la Mboto na kiti changu. Nimeingia getini tu, nikasikia minong'ono. Kugeuka, wasichana wa timu pinzani wanaparamia ukuta.

Revelian akakusanya watoto katikati kwa maombi. Kabla Blessing hajaenda akanikimbilia, akanikabidhi saa yake nimshikie. Akaniinamia sikioni.

"Mama, leo unatuombea tushinde au tufungwe?"

Nikamtazama. Nikakumbuka chumba chake na chumba changu vimetenganishwa na tofali moja, tena la kusimamisha, ukuta mwembamba unaopitisha kila neno la maombi.

"Baba anajua?"

"Hajui," akasema. "Na mie simwambii."

Akaenda kuinamisha kichwa na wenzake. Nami nikainamisha changu, nikaomba washinde. Niliomba kwa sauti, akanisikia.

Mnaosoma, nawaachia hili. Ukitaka kumwomba Mungu habari za mpira, ujue kwanza mpira unachezwaje. Na kama mna mtoto ndani, omba jambo ambalo hutaona aibu akilisikia.

Mie siku hizi nakaa nyuma ya goli la Blessing. Kipindi cha pili kikianza, nabeba kiti changu, nahamia naye upande wa pili.