Nilivunja Sakafu ya Tangi Langu, Nikawasingizia Mbuzi

Sikudanganywa. Nianze hapo, kwa sababu najua baadhi yenu mtataka kunitetea. Sakafu ya tangi langu la maji ya choo ilivunjwa mchana kweupe, mimi nikiwa nimesimama pale juu na kikombe cha chai mkononi. Mahali pa kuvunja nilipaonyesha kwa kidole changu mwenyewe. Na maji ya jirani yalipoharibika, nikawasingizia mbuzi. Mbuzi!

Ninaishi Kitengela, upande wa chini ambako ploti zinateremka kuelekea korongo. Jina langu siandiki, na ya wengine nimeyabadilisha. Lakini wenye nyumba wa barabara yetu watanitambua kabla hawajafika aya ya tatu. Na wanitambue! Nimechoka kuwaogopa watu wenye shimo kama langu.

Upande wetu una sharti lake. Chini ya ploti, hatua chache kabla ya korongo, kuna kisima cha familia iliyotuuzia ardhi. Kilichimbwa kwenye mwamba sisi hatujafika, na hata kiangazi hakikauki. Kwa ajili ya kisima hicho, ofisi ya afya ya umma haimruhusu mtu wa upande huu kuwa na shimo la choo linalonyonya ardhini. Unajenga tangi lenye sakafu ya zege na plasta pande zote, na likijaa unaita lori la kunyonya. Sharti hilo nililisoma neno kwa neno. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kikundi cha wenye ploti, na barua zote zilipitia kwangu.

Afisa wa afya alikuja kukagua kabla hatujafunika. Ni kijana mpole, kila mtu humwita Daktari. Akatuamuru tujaze tangi maji, akachora mstari wa chaki ukutani pale maji yalipofika, akasema atarudi kesho. Kesho yake maji yalikuwa pale pale kwenye chaki. Akatia sahihi.

"Mama, umejenga vizuri," akaniambia. "Wote wangekuwa kama wewe, mimi ningekuwa nalala."

Hajafika hata barabarani, fundi wangu akaanza kucheka.

"Madam, hii si tangi, hii ni sufuria. Itakuwa inajaa kila saa. Utaita lori mpaka dereva akuzoee kama shemeji."

"Sasa tufanye nini?"

"Chini hapa ni mwamba, na uko na nyufa. Mawe ya Kitengela yanakunywa. Tutoe haya maji, nipige mtaimbo mahali pawili, basi. Hii barabara yote nimewafanyia hivyo. Uliza huyo jirani wako wa geti ya bluu kama amewahi kuona lori."

Sikuhitaji kuuliza. Mimi ni mtu wa kuangalia mambo. Najua nani amehama, nani amepaka rangi, nani amenunua pazia jipya. Na nilikuwa nimeshaona kwamba lori la kunyonya husimama kwenye geti moja tu la barabara yetu, kwa mwalimu mmoja mstaafu.

"Hapo," nikamwambia fundi. "Na hapo."

Mtaimbo uligonga mara chache tu. Kisha tukafunika.

Kwetu mtu hujisifia tangi lisilojaa kama wengine wanavyojisifia watoto waliofaulu. Miaka mitatu nilijisifu! Na kila mkutano tulimfanya Mwalimu kuwa kichekesho chetu.

"Mwalimu, hilo lori umelinunua ama umelioa?"

"Kwani kwako mnakula mara ngapi kwa siku, Mwalimu?"

Yeye alikuwa anakunja gazeti lake polepole. "Cheka tu, Katibu. Mimi najua yangu inaenda wapi."

Tulicheka zaidi.

Sasa nifike kwa mwenye kisima. Nitamwita Mama Naserian. Ni mjane, mkubwa kwangu kwa umri, na mimi humwita Yeyo, jinsi mtu anavyomwita mama kwa Kimaasai. Nilipokuwa najenga, maji ya kuchanganyia simiti yalitoka kwake. Hakuwahi kuniuliza nitamaliza lini. Alisema tu, "Chota, jirani. Ukimaliza hizo ndoo rudi na zingine."

Mvua ya masika ilipopungua mwaka jana, akaja getini kwangu na mtungi wa lita tano.

"Takwenya, Yeyo," nikamsalimu.

"Iko," akaitikia. Hakungoja habari za nyumbani. "Katibu, nusa."

Nikanusa. Sihitaji kuwaeleza.

"Hiyo si yote," akasema. "Nimemimina kwa sufuria, ikatoa povu kama imetiwa sabuni. Na Silantoi anaendesha tumbo tangu juzi, joto haishuki."

Silantoi ni mjukuu wake, yuko darasa la nne.

Povu! Mbuzi haogi kwa sabuni. Mbuzi hafui nguo. Nilijua pale pale, mtungi ukiwa bado mkononi mwangu, ni maji ya nani. Na mdomo wangu ukafunguka, ukasema: "Yeyo, ni mbuzi wenu. Wanakunywa pale, wanachafua pale. Zuia mbuzi."

Akaniangalia. "Mbuzi wangu wamekunywa hapo tangu niolewe."

"Sasa wamekuwa wengi."

"Wengi wa wapi? Ukame ilichukua nusu."

Nilimrudishia mtungi wake nikafunga geti.

Ningeishia hapo, ningekuwa mwongo wa kawaida. Lakini niliitisha mkutano. Daktari akaja, akatueleza kwamba ana rangi ya kijani isiyo na madhara, unaimimina chooni, halafu unangoja uone itatokea wapi. Aliomba tu aruhusiwe kupita nyumba kwa nyumba. Wenye ploti wakapandwa na hasira, ati wanashukiwa kama wezi. Mimi ndiye niliyeandika barua ya kumkatalia. Kwa Kiswahili kizuri! Na kwenye kitabu cha mikutano nikaandika: "Imekubaliwa kwamba chanzo cha uchafu ni mifugo." Imekubaliwa na nani? Na watu wenye matangi yaliyotobolewa! Mwalimu aliinua mkono, akauliza kama kuna mtu amefungua tangi lake akaangalia. Niliandika: "Hapakuwa na swali lingine."

Silantoi alilazwa Kajiado kwa homa ya matumbo. Hospitali haikusema ni kisima. Sihitaji waseme. Nilimpelekea machungwa, nikakaa kando ya kitanda nikimmenyea, na bibi yake akanishukuru. Alinishukuru, jamani!

Kilichonivunja ni miiba.

Kutoka kwenye veranda yangu naona kisima vizuri. Wiki hiyo nilimwona Mama Naserian akikata matawi ya migunga na kuyaburuta peke yake hadi kisimani. Alikuwa anajenga boma kuzunguka maji yake mwenyewe, dhidi ya mbuzi wake mwenyewe, kwa sababu mimi nilimwambia. Mbuzi walisimama nje ya ile miiba wakilia. Mwishowe akawa anawavusha barabara kuu ya Namanga, katikati ya malori, kwenda kuwatafutia maji ng'ambo. Jumapili nilimkuta kanisani ameweka mikono mapajani, imechanika hadi kwenye viwiko. Na povu kisimani halikupungua hata kidogo.

Jumatatu asubuhi nilimpigia Daktari. "Njoo na rangi yako," nikamwambia. "Uanze kwangu. Na umalizie kwangu, ukipenda."

Akaja. Akamimina, tukasukuma kwa ndoo kadhaa za maji, kisha tukateremka kisimani. Mama Naserian alikuwa pale, ameondoa tawi moja ili apite. Niliona heri nimwambie kabla maji hayajamwambia.

"Yeyo, si mbuzi. Ni mimi."

"Ni wewe namna gani?"

Nikamweleza. Chaki, fundi, mtaimbo, kidole, na rangi tuliyoimimina asubuhi hiyo. Sikuacha kitu.

"Siku nilikuletea maji unuse, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na ukaniacha nikate miiba."

"Nilikuacha."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alitumbukiza kopo, akalivuta kwa kamba, akaliinua juani. Maji meupe. Akamwaga. Tulikaa tena, yeye upande wake wa kisima na mimi upande wangu, na Daktari amesimama katikati kama mtu aliyefika kwenye ugomvi wa mke na mume. Akavuta tena. Meupe. Nilianza kutumaini, nawaambia ukweli! Hata baada ya kukiri, roho yangu ilikuwa bado inatafuta mbuzi.

Saa sita haijafika, kopo likaja na kijani. Si nyingi, ila hata mtoto angeiona.

Mama Naserian akamsogezea Daktari lile kopo. "Andika," akamwambia.

Mimi hakuniangalia. Aliifungua kamba ya kisima, akaikunja, akaitia begani, akaenda nyumbani.

Kisima kimefungwa. Daktari anasema uchafu ukishaingia kwenye nyufa za mwamba, hakuna anayejua utatoka lini. Labda mvua kadhaa, labda miaka. Silantoi amerudi shuleni, sare inamning'inia. Ndoo za bibi yake sasa zinajazwa kwa bomba langu, na hata hilo lilikubaliwa kupitia kwa mwanawe, si kwake. Tukikutana njiani namsalimu, "Takwenya, Yeyo." Kila siku namsalimu. Lile "Iko" halijarudi, na sina haki ya kulidai.

Hiyo ndiyo gharama yangu. Sasa niwaambie kuhusu majirani zangu, kwa maana hapo sina toba yoyote.

Nilimwaga zege upya kwenye sakafu yangu, nikamwita Daktari achore chaki yake, akarudi kesho yake, maji yalikuwa kwenye mstari. Wiki hiyo hiyo Mwenyekiti wa kikundi akaja kupiga geti langu kwa ngumi.

"Katibu, umetuuza!"

"Nimejitaja mimi tu."

"Daktari sasa anataka kufungua matangi ya barabara yote! Unajua mimi niko na wapangaji wangapi?"

"Najua. Na wote wanaenda choo. Ziba."

"Ati sasa wewe ni mtakatifu?"

"Hapana, Mwenyekiti. Mimi ni mwongo. Ndiyo maana nawajua vizuri."

Akatema mate kando ya geti, akaondoka. Jioni hiyo nikatolewa kwenye kundi la WhatsApp. Ukatibu nikanyang'anywa. Kitabu cha mikutano walikitaka, nikawapa, lakini kwanza nilichora mstari juu ya ule uongo wa mifugo, nikaandika ukweli chini yake, nikatia sahihi. Kuna mama mmoja ambaye tulikuwa tunakunywa chai pamoja kila Jumamosi, sasa akiniona anavuka barabara na kuangalia simu ambayo hata haijawaka.

Ni Mwalimu pekee aliyenipigia. Nilijiandaa kusimangwa, na ningenyamaza, maana alikuwa na haki. Alisema: "Lori lako linakuja siku gani? Wakija kwa wote wawili safari moja, hawasumbuki." Kisha akacheka, mzee yule, kicheko cha miaka mitatu!

Wanasema nimeharibu thamani ya ploti. Wanasema ningemalizana na Mama Naserian kimyakimya, mambo ya wanawake wawili. Hapana! Kimyakimya ndiyo iliyomlaza Silantoi. Tulinyamaza kwa pamoja, kila mmoja akijua la mwenzake, na tukaita hiyo ujirani.

Kwa hiyo wewe unayejenga karibu na maji ya mtu, Kitengela, Isinya, popote, nisikilize. Daktari akichora chaki, iache chaki ifanye kazi yake. Fundi akikwambia mwamba unakunywa, muulize baada ya mwamba ni nani anayekunywa. Na kama tangi lako lina miaka na halijawahi kujaa, usilisifie mbele ya wageni. Lifungue kesho. Ukikuta sakafu imetobolewa, ziba, kisha uteremke ukamwambie mwenye maji, uso kwa uso, kabla hajaanza kukata miiba. Atakuchukia. Nenda tu.

Na nyinyi wa barabara yetu, mnaosoma haya mkipelekeana: Jumanne Daktari anaanza nyumba za juu. Hakuniomba nifuatane naye. Nitafuatana naye. Najua kila mfuniko ulipo, ikiwa ni pamoja na ule mliojengea banda la kuku juu yake. Fungeni mageti, mfungulie mbwa, semeni hamko nyumbani. Mimi siku hizi sina kikundi wala mikutano. Nitakuja na kiti.