Spika ya Besi Iliyotaka Kuhubiri

Nilipofika umri ambao Mungu humwachia mtu vidole lakini humchukulia magoti, mwalimu wa kwaya yetu hapa Tabora alinijia kwa adabu.

"Shikamoo, mzee. Hiyo spika yako ya besi inabebwa na watu wanne, na wamechoka. Tukienda Kigwa tuiache. Besi tutaipata kwenye kinanda."

"Marahaba," nilisema, nikaelewa. Spika ikibaki nyumbani, nami nabaki, baada ya kuipigia kwaya ile gitaa la besi tangu yeye hajabatizwa. Niliomba, nikashukuru, kisha nikaenda kwa fundi wa mtaa wa Ng'ambo. Akaifungia spika vigurudumu vinne vya kiti kibovu cha ofisi. Kigurudumu cha tano akanipa niweke akiba.

Kigwa niliisukuma kwa mkono mmoja hadi jukwaani, na kwa mkono wa pili nikawapungia watu, Mungu anisamehe. Mzee wa kwaya mwenyeji, Mgogo, yaani mtani wangu halali kwa kuwa makabila yetu hutaniana, akanizibia njia.

"Zama za misafara babu zako walipita kwetu na pembe za ndovu kichwani," akasema. "Wewe sanduku moja umeliwekea miguu. Toa hongo, ule ushuru wa njia, kama wao, ndipo upite."

"Hongo ya babu zangu hamjaimaliza? Hilo tumbo ni la nini?"

Akanipisha, anacheka.

Jukwaa lile lilikuwa na mteremko kidogo kuelekea mbele, maji ya mvua yasituame. Mimi niliyehangaika juma zima kutafuta magurudumu sikukumbuka kutafuta jiwe la kuyazuia. Ubeti wa kwanza ulikwenda salama. Pambio lilipoanza nikapiga noti nene ya chini. Spika ikatetemeka, ikaanza kutembea. Waya wa gitaa ukanivuta, nikaifuata huku napiga, maana besi ikikatika kwaya huyumba. Na kwaya zetu zimefundishwa hivi: wa mbele akipiga hatua, wote hupiga. Safu tatu zikaja nyuma yangu zikinesa. Watu wakapiga vigelegele. Mwalimu peke yake alijua kwamba tunaelekea mezani kwa mchungaji, pale mbele anapohubiria.

Mtani wangu akapanda jukwaani, akaketi juu ya spika. Ikasimama.

"Endelea kupiga," akaninong'oneza. "Inanikanda kiuno."

Hakushuka mpaka nilipomwahidi ndoo ya asali. Ayubu alijaribiwa kwa majipu. Mimi kwa Mgogo.

Baada ya ibada mwalimu aliizunguka spika. Nilimwona anatafuta maneno laini ya kunistaafisha. Mtani akamwahi.

"Mwalimu, mende akilala chali huenda wapi?"

Wakaishika wawili, wakaipindua, vigurudumu vikatazama mbinguni. Mwalimu akaisukuma kwa bega. Haikusogea.

"Basi, mzee," akasema. "Njiani itembee, jukwaani ilale chali. Na Jumamosi uje mazoezini mapema. Leo umekosea pambio mara mbili."

Kwa kweli nilikosea mara tatu, lakini si vyema kumsahihisha mwalimu.