Kinyaa Mbele ya Mkwe

Mimi ni mtu wa kinyaa. Sijivunii, maana kwetu pwani kinyaa cha mjamzito husamehewa, cha mwanamume huitwa maringo. Mtu akipenga kamasi karibu na meza, mimi nimeshiba. Kikombe kikiwa na alama ya mdomo wa mwingine, chai naiacha ipoe. Chuo kikuu niliishi bwenini na ndoo yangu, kijiko changu, na jina la utani ambalo sitaliandika hapa.

Mtu huyo ndiye aliyetumwa kumpokea mama mkwe.

Mama alikuwa anakuja kwenye harusi ya mjukuu wake, binti yetu wa kwanza, kutoka kijijini kwake upande wa Muheza. Kwa mila aliyokulia, mama halali chini ya paa la mkwe wa kiume. Hali chakula naye, hakai naye mkeka mmoja, na akiwa na neno la kumwambia hulipitisha kwa mtu wa tatu. Zamani alikuwa akifikia kwa dada yake mtaa wa Usagara, hapa mjini, lakini dada alifariki na nyumba ikauzwa, kwa hiyo safari hii tulimchukulia chumba katika hoteli moja katikati ya mji. Mama hapandi basi, linamtapisha. Akaja na treni, ambayo siku hizo ilikuwa inaishia kituo cha pembezoni mwa mji, na kumtoa kituoni hadi hotelini ikawa kazi yangu.

Mke wangu aliniaga kwa onyo. "Mama anakujua wewe msomi. Wewe wa kinyaa hakujui. Akiona umekunja pua mbele yake, harusini haji, na mimi sitakuwa na la kumwambia mwanangu."

Hakuwa anatia chumvi. Mkwe mwingine wa mama, mume wa shemeji yangu, aliwahi kupangusa ukingo wa kikombe alichopewa na mama kabla ya kunywa. Alipangusa mara moja tu, kwa kidole. Hadi leo mama hajakanyaga kwake.

Kituo chenyewe kilikuwa kama kimejengwa kunijaribu. Maganda ya machungwa yamelowa na kuota ukungu, nzi wamejaa, na choo kimoja kilichojitangaza kabla hujakiona. Kwenye benchi mtu alikuwa ametema kohozi, likakauka likang'aa. Nilisubiri nimesimama.

Mama alishuka wa mwisho, mgongo umenyooka, kanga mbili mpya, na nyuma yake abiria mwenzake akimbebea fenesi la ukubwa wa mtoto wa darasa la kwanza. Lilikuwa limeiva hadi limepasuka.

"Shikamoo, mama," nilisema kwa mbali, macho chini.

"Marahaba, baba," aliliambia fenesi.

Teksi hazikuwepo. Ilikuwepo bajaji moja, na dereva wake, mtu mzima kama mimi, alikuwa ameweka tumbaku ya kuberi ndani ya mdomo wa chini, akitema maji yake ya kahawia pembeni kila baada ya neno la tatu. Kiti cha nyuma kilikuwa cha plastiki yenye kunata. Sikutaka kujua kinanata nini. Tulilipandisha fenesi katikati, mama upande wake, mimi upande wangu, na kwa namna hiyo mila ikahifadhiwa na tunda.

"Mama yako mmefanana pua," dereva alisema tulipoingia barabarani.

"Si mama yangu. Ni mama mkwe."

Akageuza shingo yote, bajaji ikaenda yenyewe. "Mkwe? Na mmekaa kiti kimoja? Shehe, wewe una roho ngumu. Mimi wangu nikimwona sokoni nanunua hata nisichokitaka, ilimradi nigeuke."

"Mwanangu," mama alimwambia, "tazama mbele. Kisha muulize mkwe wangu, huko hotelini ni mbali?"

"Mkweo anauliza ni mbali?"

Nilikuwa nimesikia, bila shaka. Fenesi tu ndilo ambalo halikusikia. "Mwambie mama si mbali."

"Anasema si mbali. Anakudanganya, mama, ni mbali."

Mama akacheka kidogo. Joto, moshi wa lori lililokuwa mbele yetu, na harufu ya fenesi, ile harufu tamu inayokaribia kuoza, vyote vilikuwa vinaingia kinywani. Niliona amekaza ncha ya kanga mdomoni. Nilielewa mara moja, maana hicho ni kitu ninachokielewa kuliko shahada yangu. Lakini mtu hamwambii mkwewe, "Mama, unataka kutapika?" Maneno hayo hata kupitia dereva hayapiti. Yeye naye hakuweza kuniambia. Tukaendelea hivyo, watu wawili wenye adabu, hadi kwenye shimo kubwa.

Aliinamia fenesi, akalikosa, akanipata mimi.

Yalikuwa ya moto. Yaliingia kwenye suruali, yakapenya, yakatafuta njia hadi kwenye soksi. Ilikuwa chai ya maziwa na mihogo, na mihogo haikuwa imetafunwa vizuri. Naandika haya nikiwa nimesukuma sahani yangu mbali.

Ndipo mama akainua macho, akanitazama usoni. Katika miaka yote ya ndoa yangu hakuwahi kunitazama hivyo. Alikuwa anatafuta kitu, na nilijua ni kipi. Nikavaa uso wa picha ya pasipoti. Nilipumua kwa mdomo, kisha nikakumbuka kuwa kwa mdomo ni vibaya zaidi, nikaacha kupumua kabisa.

"Mwambie mama," nilimwambia dereva, "barabara hii mbaya. Hata mimi inanitikisa."

"Mama, mkweo anasema barabara mbaya. Na mimi nasema mtanioshea bajaji."

Mama akarudisha macho yake barabarani.

Hotelini binti wa mapokezi alinusa, akaziba pua waziwazi kwa ncha ya mtandio. Nilimchukia kwa kuwa na uhuru ambao mimi sikuwa nao. Mhudumu akatupandisha chumbani. Mama alibaki kwenye korido, mimi nikaingia kukagua, kwa sababu mke wangu aliagiza nianze na choo.

Kwenye sinki kulikuwa na kipande cha sabuni kilichotumika, kimelainika, na juu yake unywele mmoja mrefu umejikunja. Hicho tu. Suruali yangu ilikuwa imelowa matapishi, na nilikuwa nimeyabeba mji mzima. Lakini ule unywele wa mtu nisiyemjua ulinishinda. Uso ukajikunja wote, ulimi ukatoka, nikashika mlango na kutoa sauti ya paka anayetaka kutapika.

Nilipogeuka, mama alikuwa mlangoni.

Aliniangalia, akaitazama suruali, akarudi usoni. Kisha akanipita, akachukua ile sabuni na unywele wake kwa vidole vitupu, akatupa chooni, akavuta maji, akanawa. Dereva alikuwa amebaki nje, mhudumu alikuwa amefuata taulo, kwa hiyo hapakuwa na wa kupitishia neno.

"Baba," alisema, akikausha mikono kwa kanga, "kumbe uso wako wa kinyaa ndio huu."

"Ndiyo, mama."

"Kule njiani sikuuona."

"Hapana, mama."

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akanipa mgongo kama mila inavyotaka. "Nenda kaoge, unanuka. Na umwambie mwanangu kesho mapema aniletee mtu wa kunipeleka harusini. Mwenye gari."

Niliteremka kwa ngazi. Binti wa mapokezi akaziba pua tena.

Dereva wa bajaji alikuwa bado nje, anaiosha bajaji yake kwa ndoo ya hoteli. Alikataa kunibeba.

"Hapana, shehe. Wewe hapo nenda kwa miguu."

Nikaenda kwa miguu, mapaja nimeyaachanisha, watu wananipisha njia.